Kaburi Liko Gem, Maisha Yalikuwa Dandora

Kaskazini mwa jiji la Seoul kuna mtaa uitwao Ssangmun-dong, ambako watalii huenda kutafuta kichochoro kisichokuwepo. Wamekiona katika Reply 1988, tamthilia iliyorushwa na kituo cha tvN kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016: familia tano zinazoishi mlango kwa mlango, jukwaa la mbao ambapo akina mama huketi wakichambua mboga na kusengenyana, watoto wakitumwa na mabakuli ya chakula nyumba hadi nyumba kabla ya mlo wa jioni. Kichochoro hicho hakikuwahi kuwa Ssangmun-dong. Kilijengwa kwa ajili ya kamera katika mji jirani wa Uijeongbu, na kazi ya kurekodi ilipokwisha kikabomolewa. Shabiki anayefika leo hukuta maduka, maghorofa na watu wanaokwenda zao kazini. Hupiga picha hata hivyo.

Desturi hii ya kuzuru mahali paliporekodiwa hadithi imekua. Tangu Winter Sonata ya mwaka 2002 iwalize watazamaji wa Korea, na baadaye wa Japani, kisiwa cha Nami kimekuwa kikipokea wageni wanaotaka tu kupita kati ya safu za miti walikopita wapenzi wawili wa kubuni. Jumunjin, kwenye pwani ya mashariki, watu hupanga foleni ili wasimame juu ya ukuta wa kukinga mawimbi ulioonekana katika Goblin, wengine wakiwa wamejifunga skafu nyekundu. Kijiji cha Iseltwald nchini Uswisi, ambako kipande kifupi cha Crash Landing on You kilirekodiwa kwenye gati dogo la ziwani, kimelazimika kuweka lango na kutoza faranga 5 kwa kila anayetaka kukanyaga pale.

Wapo wanaowacheka watu hawa. Mimi sithubutu. Dada yangu alitamani kuwa mmoja wao, na tangu alipofariki nimeutazama sana mwenendo wao, hadi nikaamini kwamba wanajua jambo kuhusu msiba ambalo sisi wa Nairobi tumeliacha lipite.

Dada yangu mkubwa alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa Dandora Phase 3, chumba kimoja kando ya barabara chenye viti viwili, kioo, draya na runinga iliyopigiliwa juu ya mlango. Kusuka nywele nyembamba huchukua nusu siku, wakati mwingine zaidi, na mteja aliyeinamishwa kichwa hana pa kwenda. Saluni za jirani ziliweka injili au redio. Yeye aliweka tamthilia za Kikorea, alizojaziwa kwenye flashi na kijana wa duka la muvi kwa bei isiyozidi nauli ya kwenda mjini. Wateja walipima kazi yake kwa vipindi: msuko wa kawaida vipindi vinne, ule wa kufika mgongoni vipindi sita na stima isipotee.

Tatizo lilikuwa maandishi. Waigizaji huongea Kikorea, na tafsiri ya Kiingereza hupita chini ya skrini kwa haraka, ambapo mwenye shingo iliyoinama hawezi kuisoma. Basi dada akawa msimulizi. Mikono ikisuka, macho yakiwa juu ya mlango, mdomo ulieleza. Kenya nzima inamjua DJ Afro na jinsi anavyozisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mitaani juu ya sauti za waigizaji. Watanzania wanamkumbuka Lufufu. Dada hakuwa na maikrofoni na hakujaribu kuchekesha. Alisimulia kama anayepasha habari za majirani, na majina yalipomshinda aliyaacha. Deok-sun, shujaa wa Reply 1988, alimwita "huyu msichana wa kati". Huyo wa kati, akasema, ndiye asahauliwaye katika kila familia. Hata keki ya siku yake ya kuzaliwa ni ile ya dada yake, imechomolewa mishumaa kidogo tu. Mimi ni mtoto wa kati. Aliposema hivyo alinitazama kwenye kioo.

Kipindi cha kwanza cha tamthilia hiyo kinatokea wakati wa Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988. Msichana wa kati amechaguliwa kubeba bango la Madagaska siku ya ufunguzi, amefanya mazoezi miezi mingi, kisha Madagaska inajitoa kwenye michezo. Mwishowe anapata bango la Uganda. Saluni ilishangilia Uganda siku hiyo kama kwamba Uganda imefunga bao. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa chini ya draya akainua kichwa: "Hiyo si ndiyo Olimpiki ya Wangila?" Ndiyo hiyo hiyo. Robert Wangila, mzaliwa wa Nairobi, alishinda huko Seoul dhahabu ya ndondi katika uzani wa welta, na hakuna bondia mwingine wa Kenya ambaye amewahi kurudi na dhahabu ya Olimpiki. Alifariki Las Vegas mwezi Julai 1994 kwa majeraha ya pigano, akiwa na umri wa miaka 26. Dada alisimamisha muvi. Wakamlilia Wangila kwa dakika kadhaa, wale waliomkumbuka wakiwaeleza wale ambao hawakuwa wamezaliwa, kisha Korea ikaendelea.

Kipindi cha pili ndicho alichokirudia kuliko vyote. Nyanya ya msichana wa kati amefariki, naye na ndugu zake wanafika matangani wakidhani watakuta kilio. Wanakuta watu wazima wakila, wakinywa, wakicheza karata, baba yao akicheka na wageni. Wanashangaa: huyu mama alikuwa hapendwi? Usiku ukiwa mkubwa anafika ndugu mkubwa kutoka Marekani, na hapo hapo wale watoto wa marehemu, wazee wazima, wanakumbatiana na kuanguka kilio. Sikuhitaji tafsiri, na saluni haikuihitaji. Kila aliyelelewa kwenye mitaa yetu ameketi kwenye matanga ya namna hiyo, chai na mkate vikizunguka, karata zikipigwa kwenye kona, mtu wa daftari akisoma bajeti ya jeneza na gari, na kicheko kikipasuka mahali ambapo mgeni angetarajia kimya. Wahenga walishasema kifo cha wengi harusi. Wakorea, kumbe, nao wanajua.

Nyuma ya daftari lake la wadeni dada aliandika orodha ya mahali alipotaka kwenda: Nami, Jumunjin, Ssangmun-dong, Sokcho. Hakuwahi kuchukua pasipoti.

Sokcho ndiyo iliyonifanya nianze kuyafikiria haya. Ni mji wa bahari kaskazini-mashariki mwa Korea Kusini, na ndani yake kuna kijiji cha Abai, juu ya ulimi wa mchanga kati ya bahari na ziwa. Mwaka 2000 kilionekana katika Autumn in My Heart, kisa cha Eun-seo, msichana anayekufa kwa saratani ya damu. Watazamaji wakamiminika kuiona nyumba yake na kupanda kile chombo cha kuvushia watu ambacho abiria wenyewe hukivuta kwa kamba ya chuma. Lakini Abai ilikuwa na msiba wake kabla kamera hazijafika. Waliokijenga ni watu wa mkoa wa Hamgyong, walioukimbia upande wa kaskazini wakati wa vita vya 1950 hadi 1953. Walijenga vibanda mchangani, karibu na mpaka, kwa imani kwamba vita vikiisha watarudi makwao mara moja. Mpaka ulifungwa. Wengi wamezeekea na kufia pale pale, makaburi ya wazazi wao yakiwa upande ambao hawawezi kufika. Kwa hiyo mgeni aliyekwenda Abai kumlilia Eun-seo, ambaye hakuwahi kuwepo, alipita mbele ya milango ya wazee waliotenganishwa na mama zao kwa nusu karne.

Hilo lingeweza kumfanya mtu amkasirikie shabiki. Mimi limenifanya niutazame mtaa wetu.

Dandora nayo imerekodiwa sana. Tatizo ni upande ambao kamera hutazama. Wageni wenye vifaa wakija huelekea moja kwa moja kwenye jaa la taka, lililofunguliwa miaka ya 1970, ambako taka za jiji zima humwagwa, wachokoraji wakigombania mzigo na korongo wakubwa wenye shingo tupu. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi uliowapima watoto 328 wa maeneo hayo, na nusu yao walikutwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu. Ripoti ile ilikuwa ya lazima. Lakini tangu hapo Dandora ya televisheni ni moshi tu. Wanaokuja kwa ajili ya kitu kingine ni wachache, na wengi wao ni wapenzi wa hip hop wanaotaka kuuona mtaa uliowatoa Kalamashaka, vijana watatu ambao mwaka 1997, kwa wimbo wa "Tafsiri Hii", waliifanya Kenya isikilize rapu ya Kiswahili kwa makini. Hao nawaheshimu. Wanafika kwa sababu kuna sauti waliyoipenda, na wanataka kujua ilitokea wapi.

Sauti niliyoipenda mimi ilitokea Phase 3. Niliisikia Korea yote kwa kinywa cha mtu mmoja. Nikifungua leo kipindi chochote cha Reply 1988, waigizaji wanafungua midomo na mimi namngojea yeye aseme. Hata kama ningepata nauli ya kwenda Seoul, ningekuwa nimefika palipochezwa hadithi ya watu wengine. Ile niliyoitazama mimi ilirekodiwa kando ya barabara ya Dandora, kati ya kinyozi na kibanda cha chapati.

Na sisi, alipofariki, tulifanya nini na mahali hapo? Tulifanya wafanyavyo watu wa Nairobi. Mikutano ya jioni, mchango, mochari, kisha gari la maiti mbele na basi nyuma, usiku kucha, Nakuru, Kericho, Kisumu kukipambazuka, hadi Gem, kaunti ya Siaya. Kwa desturi yetu sisi Waluo, binti ambaye hakuolewa hazikwi katikati ya boma. Huwekwa pembeni, karibu na ua. Akawekwa karibu na ua. Wasifu wake ulisomwa kwa Kiingereza na Kijaluo, na kati ya mistari yote ile, maisha yake ya kazi yalipata mmoja: kwamba alifanya biashara ya urembo Nairobi. Kabla ya kushusha jeneza mjomba alisimama akauliza, kama ilivyo ada, ikiwa yupo anayemdai marehemu ajitokeze sasa, ili ukoo ulibebe deni lake. Hakujitokeza mtu. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika: ameondoka msafi.

Nilikuwa nimesimama pale nikiwatazama waombolezaji. Wengi walimwona mara ya mwisho akiwa msichana wa shule, aliyekuja likizo ya Desemba na kurudi mjini Januari. Waliomjua, waliowekewa mikono yake kichwani mwezi baada ya mwezi, walikuwa Dandora. Walichanga kwenye kundi la WhatsApp, mia mbili, mia tano, na wachache tu waliweza kufunga biashara siku tatu ili wapande basi.

Nchi hii imeshabishana kwa sauti kubwa kuhusu jambo hili. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Otieno, Umira Kager, ukataka mwili urudi Nyalgunga, Siaya. Kwa miezi mitano mwili ulikaa mochari huku Wakenya wakifuatilia kesi hiyo magazetini na kubishana kuihusu kwenye matatu na makanisani. Moja ya hoja zilizotawala ni kwamba mwanamume anaweza kumiliki nyumba nyingi mjini, lakini nyumbani kwake ni kule kwa baba zake tu. Ukoo ulishinda. Otieno akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987, mjane akikataa kuhudhuria.

Sina ugomvi na Gem. Kuna amani katika kulazwa kati ya watu wa damu yako, mahali ambapo hakuna mwenye nyumba atakayekuja kudai kodi, na maziara ya Lang'ata, yaliyotangazwa kujaa miaka mingi iliyopita, si mahali pa kumtamania mtu. Kosa letu lilianza baada ya mazishi. Tulidhani tukishampeleka mwili tumempeleka mtu mzima. Tuliporudi mjini kila mmoja alishuka kwenye basi akaenda kwake, na hakuna aliyekwenda Dandora. Hakukuwa na sababu ya kwenda. Mila haitupi sababu. Mila zetu zilitungwa wakati mtu alizaliwa, akaishi na kufa karibu na ua ule ule, na kwa hiyo kaburi na maisha vilikuwa mahali pamoja. Sasa vimetengana kwa safari ya usiku mzima, na mila imebaki na kimoja.

Ndipo nikawakumbuka wale wa skafu nyekundu, na Jumamosi moja nikaenda Dandora kwa namna yao: si kumtembelea mtu, si kudai chochote, ila kusimama pale aliposimama mtu wa hadithi yangu.

Nilianzia Phase 2, kwenye ploti tuliyokulia. Ieleweke kwamba Dandora haikuota yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali, Baraza la Jiji la Nairobi na Benki ya Dunia walianzisha mradi wa viwanja 6,000 hivi kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Aliyebahatika alipewa kiwanja chenye choo, bafu na mfereji, wengine pamoja na chumba kimoja, na mkopo wa kumsaidia kuongeza vyumba mwenyewe, vingine vya kukaa na vingine vya kupangisha. Hivyo zikazaliwa ploti kama yetu: vyumba vinavyozunguka ua, mfereji mmoja, kamba za nguo, jiko la makaa nje ya kila mlango, na akina mama wakikata sukuma wiki pamoja huku kila mmoja akijua mwenzake atapika nini na kwa nini leo hapiki. Tulipotazama kile kichochoro cha Wakorea, dada hakuhitaji kuwaeleza wateja lile jukwaa la mbao ni la nini.

Ploti haipo. Wenye viwanja waligundua zamani kwamba ardhi inayobeba vyumba sita inaweza kubeba floo sita, na palipokuwa na ua sasa pana ngazi za giza zinazohitaji taa saa sita mchana. Keateka alinikuta nimeinua kichwa.

"Unatafuta nyumba?"

"Hapana, mzee. Tulikuwa tunaishi hapa."

"Floo gani?"

"Chini. Haikuwa na floo nyingine."

Alinitazama kwa mashaka, kisha akanionyesha kwa kidole mahali ambapo, kwa maelezo ya waliomtangulia, mfereji wa zamani ulikuwa. Ni chini ya ngazi, penye mita za stima. Nilisimama hapo kidogo. Sikuhisi chochote, na nadhani shabiki anayefika Ssangmun-dong naye mara nyingi hahisi chochote. Reply 1988 yenyewe inaishia hapo: familia zinahama moja baada ya nyingine, kichochoro kinabaki kitupu, kikisubiri kubomolewa kupisha maendeleo. Watunzi wale walijua kwamba mtaa wa maskini hudumu kwa muda ule tu ambao ardhi yake haijapanda bei.

Kutoka pale nilitembea hadi Phase 3. Saluni sasa ni duka la gesi. Mitungi imepangwa mahali pa viti, na juu ya mlango, matundu manne ya misumari iliyoshikilia runinga hayajazibwa. Nilinunua chapati na maharagwe kwenye kibanda cha jirani ili nipate pa kukaa. Mama wa kibanda alinikazia macho.

"Wewe ni wa hapa kwa msusi?"

"Ni dada yangu, Mama."

"Ndiyo maana. Mna paji moja la uso. Pole sana." Akafunika sufuria, akakaa. "Sikuweza kuja huko kwenu. Nilituma kitu kidogo."

Nikamshukuru. Akanisimulia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba asubuhi za Jumatatu dada alisuka watoto wa shule kwa mkopo usioandikwa. Kwamba draya ilipoungua, wateja walichanga ya pili. Halafu akaniuliza: "Na yule msichana wa Sokcho, yule wa kansa ya damu, alipata watoto wangapi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Eun-seo hufa. Anafia ufuoni, amebebwa mgongoni na ampendaye, na hakuna aliyeitazama tamthilia ile asiyekumbuka. Nikamwambia kwamba nadhani hakupona.

"Alipona," akasema kwa uhakika. "Dada yako alitusomea. Alipona, wakafungua duka hapo karibu na maji. Wakati huo binti ya mama fulani alikuwa amelazwa na ugonjwa kama huo huo, na huyo mama alikuwa kwenye kiti anasukwa. Sisi wote tulisikia. Alipona."

Mimi nilikuwa mbali siku hiyo. Sikuwahi kujua kwamba dada, akiwa na nywele za mtu mikononi na kifo kikipita chini ya skrini kwa Kiingereza, aliamua kukisoma vingine. Sijui ni mara ngapi alifanya hivyo. Inawezekana Dandora imejaa wanawake wanaozijua tamthilia za Kikorea kwa miisho ambayo haiko Korea. Sikubishana naye. Nilisema watoto wawili.

Hilo ndilo jambo ambalo mashabiki wanalijua. Hawaendi Nami au Ssangmun-dong kwa sababu kuta zimehifadhi kitu. Kuta hazihifadhi, Uijeongbu zimebomolewa, Phase 2 zimepandishwa juu. Wanakwenda kwa sababu mahali ndipo wanapokutana watu wenye vipande vya hadithi moja. Wageni wa Sokcho husimama kwenye kile chombo wakivuta kamba pamoja, na asiyemjua mwenzake humwambia: hapa ndipo aliposimama. Kaburini Gem nimekutana na ukoo wangu, na ukoo ulikuwa na vipande vyake: jina la utotoni, siku ya kuzaliwa, mvua iliyonyesha siku hiyo. Kipande cha Sokcho hakikuwa Gem. Kilikuwa kwenye kibanda cha chapati, na mtu asingekuja kukichukua kingepotea, maana watu wa mitaa yetu huhama kila mwisho wa mwezi, na mama huyu amekwishaniambia kwamba kodi imepanda na huenda akahamia Kayole.

Akina mama wa Dandora, Mathare na Kayole ambao watoto wao waliuawa kwa risasi walilielewa hili kabla yetu. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, baadhi yao huandamana wakiwa wameshika picha za watoto wao, na wakikuhadithia watakutajia pembe ya barabara ilikotokea, duka lililokuwa wazi, mtu aliyeshuhudia. Makaburi mengi ya vijana hao yako mbali, bara au magharibi. Ushahidi wa maisha yao uko mtaani, na mama asipousimamia hakuna wa kuusimamia. Sisi wengine, ambao vifo vyetu ni vya kitandani, tumejipa ruhusa ya kutosimamia kitu.

Nimependekeza kwa familia kwamba kumbukumbu ya mwaka iwe mara mbili: misa na msalaba vibaki Gem, kama inavyopasa, halafu Jumapili inayofuata tukutane Dandora tuliopo Nairobi pamoja na wateja wake, tule, kila mtu aeleze tamthilia ilivyoishia alivyoambiwa yeye. Ndugu wengine wamenicheka. Mjomba amesema hajawahi kusikia tanga la kwenda kwenye duka la gesi.

Mama, anayeishi Gem tangu Baba astaafu, alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho. Nilitarajia aniambie nisiwachoshe wafu.

"Na huko Dandora mtapikia wapi? Ua umesema hakuna."

Nikamweleza kuhusu mama wa kibanda, aliyekubali kutupa jiko na benchi zake siku hiyo.

"Basi msiwape watu chapati kavu. Nitaweka samaki kwenye basi la Jumamosi usiku, uwapokee mapema kabla hawajaharibika." Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. "Na mkishakula, simama uulize kama kuna mtu anamdai. Hapa tuliuliza watu ambao hawakuwahi kumkopesha."

Nimeanza na daftari lake. Jina la mama wa kibanda limo mara nyingi, na kwa hesabu ninavyoiona, sisi ndio tunaodaiwa.